Safari ya kwanza Johannesburg: jinsi ya kwenda ukiwa bado unaogopa

Nilipomuaga shangazi yangu wa Temeke kwamba naenda Johannesburg kwa mafunzo ya wiki moja, aliweka kikombe cha chai chini akaniangalia. "Mwanangu, hao wa Bondeni si ndio wanaochoma watu?" Bondeni ni Afrika Kusini kwa lugha yetu ya mtaani. Sikuwa na jibu. Wiki nzima nilikuwa nakesha na simu, naangalia klipu za watu wanaovunjiwa vioo vya gari kwenye taa za barabarani. Na simu zetu mnazijua: ukiangalia moja inakuletea kumi.

Tangu wakati huo nimekwenda mara nne. Tumbo bado hunicheza ndege inapoanza kushuka, kwa hiyo sitakuambia usiogope. Ninachokijua ni kwamba sehemu kubwa ya hofu yangu ilikuwa imejibana mahali padogo sana: tangu mlango wa ndege hadi nitakapofunga mlango wa chumba kwa ndani. Ni muda wa saa tatu hivi. Nikishazipanga hizo, wiki iliyobaki huwa ni ya kawaida tu, kama ya mtu yeyote aliye kwenye mji asioujua. Hatua zifuatazo zimejengwa juu ya hilo.

Hatua ya 1: Iandike hofu, kisha uichambue kama mchele

Chukua karatasi. Usiandike "usalama", hilo ni neno la semina. Andika kitu chenyewe. Yangu yalikuwa saba: kushambuliwa kwa sababu ni mgeni, dereva kunipeleka kusikojulikana, kuporwa simu, kurudishwa na uhamiaji, kupotea, kuugua, na mama kupatwa na jambo nikiwa mbali. Hilo la mwisho lilinishangaza. Halihusiani na Johannesburg hata kidogo, lakini ndilo lililokuwa likiniamsha usiku.

Sasa chambua. Anza na lile zito, la shangazi, maana si uzushi. Mei 2008 vurugu dhidi ya wageni zilianzia Alexandra, kitongoji cha maskini cha Johannesburg, zikasambaa, wakafa watu 62. Theluthi moja hivi ya waliouawa walikuwa raia wa Afrika Kusini wenyewe. Wapo walioulizwa kiwiko kwa Kizulu kinaitwaje, na aliyeshindwa kusema "indololwane" akahesabiwa mgeni. Vurugu zilirudi mwaka 2015, zikarudi tena Septemba 2019. Na mbali ya hayo kuna uhalifu wa kila siku: katika mwaka wa takwimu wa 2022/23 polisi wa nchi ile waliandikisha mauaji zaidi ya 27,000. Anayekuambia "ni maneno ya mitandaoni tu" anakudanganya.

Lakini jiulize: yalitokea wapi, na kwa nani? Mashambulizi dhidi ya wageni yamewaangukia zaidi watu wanaoishi na kuhangaika pale pale: wenye maduka madogo kwenye vitongoji vya wenyeji, wapangaji wa vibanda, wafanyabiashara wa katikati ya mji karibu na mabweni ya vibarua. Mtu aliyekuja wiki moja, analala Rosebank, mtaa wa hoteli na ofisi, na kushinda ukumbini, hatari yake ni nyingine. Ni kibaka, tapeli wa ATM, gari la usiku. Ila kama mwenyeji wako ni binamu anayeishi Alexandra, au biashara yako iko ndani ya kitongoji, usilifute hilo la kwanza. Mpigie binamu umuulize mtaa wake ukoje mwezi huu. Na usidanganywe na ramani ya utajiri: Alexandra na Sandton, mtaa wa matajiri, zinatazamana, zimetenganishwa na barabara kuu tu.

Nilipomaliza kuchambua, nilibaki na matatu: dereva, simu, kupotea. Yote matatu yanakaa ndani ya zile saa tatu za mwanzo. La mama nimelishughulikia kwenye hatua ya 6.

Hatua ya 2: Muulize aliyekwenda juzi

Kila familia ina mtu ambaye hajawahi kuvuka Horohoro lakini anaijua Johannesburg yote. Msikilize kwa heshima, kisha tafuta aliyekwenda mwezi uliopita, mwenye mfuko kama wako. Aliyekaa huko miaka ishirini na gari lake hatakufaa sana, kwani amesahau mgeni hajui nini. Muulize mambo matatu tu: ulitoka uwanjani kwa usafiri gani, ulifika saa ngapi, na ni mtaa gani hukukanyaga jua likishazama. Majibu ya maswali haya yana thamani kuliko klipu mia.

Hatua ya 3: Nunua mwanga wa mchana

Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea kwa ajili ya dola hamsini. Tiketi ya bei nafuu mara nyingi ni ile inayokufikisha usiku.

Sisi tumezoea jua linalozama saa kumi na mbili na ushee mwaka mzima. Johannesburg iko kusini sana. Mwezi Juni jua huzama saa kumi na moja na nusu jioni kwa saa za huko, na saa zao ziko nyuma ya zetu kwa saa moja. Ukisoma kwenye tiketi kwamba unatua saa kumi na moja jioni, ukajiambia "bado mapema", ukimaliza uhamiaji na kuchukua begi utatoka kwenye giza totoro, tena na baridi. Mji uko juu, mita 1,700 na zaidi, na usiku wa Juni au Julai mtu wa Dar au Mombasa hutetemeka meno. Beba sweta mkononi, lisiwe ndani ya begi kubwa.

Kwa hiyo tafuta ndege inayotua kabla ya saa tisa alasiri. Kutoka Dar ni safari ya saa tatu na nusu hivi, kutoka Nairobi karibu saa nne, maana yake ndege za asubuhi zinafaa. Ikishindikana kabisa, usiende mjini usiku huo. Lala Kempton Park, mji ulio jirani na uwanja, wenye nyumba za wageni nyingi zinazokuja kukuchukua. Waandikie mapema wakuambie gari lao likoje na dereva anasimama wapi. Usiku mmoja wa kulala karibu na uwanja umeniondolea hofu kuliko maombi yote niliyoombewa. Shangazi asisome hapa.

Hatua ya 4: Andika saa tatu za mwanzo, mstari kwa mstari

Kwenye karatasi, narudia. Simu inaweza kuzima, intaneti ya uwanjani inaweza kukataa, na mtu mwenye hofu husahau hata jina la hoteli.

Mstari wa kwanza ni uhamiaji. Mtanzania na Mkenya wa ziara fupi huingia bila viza, hadi siku 90 kwa mwaka. Wakenya walifunguliwa mlango huo Januari 2023. Lakini kutohitaji viza si sawa na kutoulizwa. Andika anwani kamili ya unapolala, tarehe ya kurudi, na jina la ofisi au mtu aliyekualika. Weka humo barua ya mwaliko na tiketi ya kurudi zikiwa zimechapishwa. Kadi ya njano ya homa ya manjano iwe pamoja nazo. Anayetoka Kenya huulizwa, na hata ukiambiwa wa kwenu haulizwi, beba tu. Chanjo yake ichomwe angalau siku 10 kabla ya safari. Afisa akiuliza, jibu swali aliloliuliza na unyamaze. Wenzetu wengi hujitia matatani kwa kueleza ukoo mzima.

Mstari wa pili, laini ya simu. Inunue hapo hapo uwanjani kabla hujatoka nje. Sheria yao inataka laini isajiliwe kwa pasipoti na anwani ya unapokaa, ndiyo sababu ya pili ya kuwa na ile karatasi. Usiondoke dukani mpaka intaneti ikubali.

Mstari wa tatu, fedha. Badilisha kidogo, ya siku mbili, na usihesabu noti ukiwa umesimama katikati ya watu. Uwanja wa O. R. Tambo una historia ya wahalifu wanaomtazama abiria aliyebadilisha fedha nyingi, wakamfuata kwa gari hadi anakofikia. Shilingi yako iache nyumbani, haitakusaidia. Dola chache na kadi ya benki vinatosha, ila ijulishe benki yako kabla ili isiifunge kadi kwa kudhani imeibiwa.

Mstari wa nne ndio ule niliokuwa nikiuota vibaya: usafiri. Ukitokeza ukumbi wa wanaowasili watakujia watu wenye fulana za kung'aa na vitambulisho shingoni. "Taxi, my brother?" Mwingine atakuambia programu ya teksi haifanyi kazi leo, au treni imegoma. Hata akionekana mwema, jibu langu ni moja: "Asante baba, nimeshapata," huku miguu haisimami. Kusimama ndiko kunakokufanya mteja.

Treni ninayoizungumzia ni Gautrain. Ilianza Juni 2010, siku tatu kabla ya Kombe la Dunia, na kituo chake kimo ndani ya uwanja, unafuata vibao. Kuna walinzi, kuna kamera, na ni marufuku kula hata kutafuna jojo. Unaweza kugusisha kadi ya benki getini badala ya kununua tiketi, kama kadi yako ni ya kugusisha. Vituo vinafuatana hivi: Rhodesfield, Marlboro, Sandton. Hadi Sandton ni kama robo saa. Wa Rosebank au Park Station hubadilisha Sandton, wa Pretoria hubadilisha Marlboro. Haikeshi, kwa hiyo angalia ratiba siku moja kabla. Na kama ni mara yako ya kwanza, usichague Park Station iwe mwisho wa safari yako. Kituo chenyewe hakina neno, lakini mitaa inayokizunguka, na Hillbrow hapo juu yake, si mahali pa kuburuza begi huku unatafuta njia.

Ukishuka Sandton au Rosebank, ita teksi ya mtandaoni ukiwa ndani ya jengo. Usitoke mpaka gari limefika. Linganisha namba ya gari, kisha muulize dereva amekuja kumchukua nani, naye akutajie jina lako. Ukimtajia wewe kwanza, umempa jibu la mtihani. Begi kubwa kwenye buti, begi dogo chini ya miguu, simu mfukoni. Vioo huvunjwa gari likisimama kwenye taa, ambazo wao huziita roboti. Utaelekezwa "pinda kulia kwenye roboti" na usidhani umerogwa.

Mstari wa tano ni chaja, na hapa nacheka sasa ila siku hiyo sikucheka. Soketi za Afrika Kusini zina matundu matatu makubwa ya mviringo. Plagi zetu za mraba haziingii, na hata zile adapta zinazouzwa kuwa ni za dunia nzima mara nyingi hazina umbo hilo. Nilifika na simu ina asilimia tisa, nimewaahidi nyumbani kupiga, na adapta ya mapokezi alikuwa ameazimwa mgeni mwingine. Nikakaa ukumbini saa nzima namsubiri mtu nisiyemjua ashuke kula. Nyumbani wakati huo walishaanza kupigiana simu. Nunua adapta ya Afrika Kusini hasa, hapo uwanjani, pamoja na laini. Na utembee na pawabenki iliyojaa.

Hatua ya 5: Tumia akili uliyonayo tayari

Wewe hutoki peponi. Umepita Kariakoo msimu wa sikukuu na fedha za watu kwenye soksi. Umepanda matatu pale River Road na simu umeibana kwapani. Hukai dirishani ukichati gari likiwa kwenye foleni Ubungo, na miaka ya magenge ya Panya Road ulijifunza kurudi nyumbani mapema. Huo ujuzi ndio huo huo. Unachokosa ni ramani tu: mtaa upi mchana sawa, usiku hapana. Hilo muulize dada wa mapokezi au mlinzi wa geti kila kabla hujatoka, kwa swali mahususi. Usiulize "kuna usalama hapa?" Uliza "naweza kutembea kwa miguu hadi dukani saa hizi?" Akisita kabla ya kujibu, umeshajibiwa.

Lakini baadhi ya mazoea ya kwetu yaache. Kwetu ukipotea unamuuliza yeyote, na anaweza kukusindikiza. Kule uliza mtu aliye kazini: mlinzi, muuzaji dukani, mhudumu wa kituo cha mafuta. Kwetu watu hutembea usiku kwa sababu wengine wanatembea. Kule utakuta mtaa mzuri, kuta ndefu, nyaya za umeme juu yake, na njiani hakuna roho hai. Utupu huo ni taarifa. Panda gari hata kwa mwendo wa dakika tano.

ATM tumia zilizo ndani ya maduka makubwa. Mtu akikujia kukusaidia, hata akiwa amevaa nadhifu, hata kama mashine imekwama kweli, bonyeza kufuta, toa kadi uondoke. Hubadilisha kadi kwa wepesi wa mchezo wa karata tatu, nawe hujui mpaka usiku. Na kama umekodi gari, ukasimamishwa usiku na gari lenye taa za bluu ambalo halijaandikwa polisi, washa taa za hatari, punguza mwendo, uendeshe hadi kituo cha polisi au cha mafuta kilicho karibu. Polisi wao wenyewe hutoa ushauri huo, kwa sababu wapo majambazi wanaojifanya polisi. Namba ya polisi ni 10111, gari la wagonjwa 10177, na kutoka simu ya mkononi 112. Ziandike kwenye ile karatasi.

Pasipoti ibaki kwenye sefu ya chumbani. Tembea na nakala yake pamoja na nakala ya ukurasa wenye muhuri wa kuingia, na picha zake zihifadhi kwenye barua pepe.

Jambo moja ambalo halimo kwenye miongozo ya Wazungu: salimia. "Sawubona" kwa mmoja, "sanibonani" kwa wengi, ukiongeza "baba" au "mama" kwa mkubwa. Utakuta lugha yenyewe si ngeni, nyama ni inyama, mtu ni umuntu, maji ni amanzi. Mlinzi uliyemsalimia asubuhi ndiye atakayekuambia jioni usipite njia ile. Na ukikutana na mzee, taja kwamba umetoka Tanzania. ANC, chama kilichopigania uhuru wao, walikuwa na shule yao Mazimbu, Morogoro, na wapo wazee waliokulia pale. Dereva mmoja wa makamo aliponisikia natoka Dar alizima redio akaniuliza kama Morogoro bado kuna embe dodo.

Kiswahili nacho utakisikia, hasa Yeoville kwa Wakongo na Mayfair kwa Wasomali waliopitia Kenya. Nenda mchana, na mtu.

Hatua ya 6: Patana na watu wa nyumbani

Hofu yao itakufuata kwenye simu. Mama akipiga mara kumi kwa siku, kila mlio unakukumbusha kwamba uko hatarini. Kwa hiyo kabla ya safari patana nao saa maalumu ya kuzungumza, tuseme saa mbili usiku ya nyumbani, ambayo huko ni saa moja. Waambie ukichelewa kwa saa mbili wasianze kulia, wampigie mtu fulani. Huyo mtu fulani awepo kweli: mwenyeji wako, au mapokezi ya hoteli. Waachie pia nakala ya ile karatasi na namba ya ubalozi. Balozi za Tanzania na Kenya zote ziko Pretoria, wala haziko Johannesburg, jambo ambalo watu hulijua wakiwa tayari kwenye shida.

Na lile la mama kupatwa na jambo: nilikaa na kaka yangu tukaandika nani atampeleka hospitali, kadi ya bima iko droo gani, na fedha ya dharura anayo nani. Dakika kumi. Usiku ule nililala.

Hatua ya 7: Toka asubuhi ya kwanza

Usijifungie chumbani hadi mafunzo yaanze. Ukikaa ndani siku nzima, mji ulio nje unazidi kuwa wa kutisha. Kesho yake saa tatu asubuhi, baada ya kumuuliza yule dada wa mapokezi, acha kadi na dola kwenye sefu, chukua noti mbili za randi, ziweke mfuko wa mbele. Tembea hadi duka lililo karibu. Nunua mkate, maziwa, na kama ni Juni nunua na soksi. Msalimie mlinzi ukitoka, msalimie ukirudi. Kwenye maegesho utamkuta mtu wa fulana ya kung'aa anayelinda magari kwa sarafu, naye msalimie.

Kisha piga simu nyumbani umwambie shangazi mkate wa huko ni bei gani. Atashangaa bei, ataanza kuzungumzia mkate wa Temeke, na hatauliza kitu kingine.